Ilani ya Asasi Zinazosimama kwa Miguu Yake

Ndugu wanaharakati, kutoka Mombasa hadi Mbeya, kutoka Kisumu hadi Kigoma: zama mpya zimeingia.

Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa saini moja. Ilipofika Julai 1, shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limekoma kutoa misaada. Uingereza nayo imetangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato lake la taifa ifikapo 2027. Wahudumu wa jamii walivua fulana za mradi wakarudi majumbani, na wagonjwa wakabaki. Anayengoja mvua ile ya misaada irudi atazeeka na mbegu mkononi.

Tunakataa kuishi kwa maandiko ya miradi. Tunakataa ripoti inayosomwa Washington ilhali kijijini hakuna aliyeiona. Tunakataa kumfanya mwananchi mlengwa wa mipango iliyoamuliwa bila yeye.

Tunaamini katika sanduku la kikoba. Wanawake wetu wanalifungua kila wiki: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hisa zikihesabiwa mbele ya wote, mfuko wa jamii ukitengwa kwa ugonjwa na msiba. Hakuna mkaguzi kutoka ng'ambo, kwa kuwa kila aliyeketi pale ni mwenye mali. Asasi zetu zitajengwa hivyo. Mwanachama atalipa ada kwa simu, hata iwe ndogo namna gani. Atasomewa hesabu mkutanoni. Atamwondoa mwenyekiti aliyezembea. Ada hiyo haitatosha mishahara yote. Itatupa kilicho kikubwa kuliko mishahara: haki ya kusema kwa niaba ya watu.

Tunaamini katika kuungana. Asasi tatu za mji mmoja, zenye wahasibu watatu na magari matatu yaliyoegeshwa, zitaingia ofisi moja. Zinazofanya kazi ileile zitaungana hadi jina, na mkurugenzi atakayeachia cheo kwa ajili hiyo atakuwa shujaa wetu. Tutauza ujuzi, tutapangisha kumbi, tutalima, na faida yote itarudi kwenye kazi. Ruzuku ikija tutaipokea. Mpango kazi tutaupanga wenyewe.

Tunakataa kuibebea serikali wajibu wake. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Dawa za VVU na kifua kikuu ni deni la kodi zetu. Tutaingia kwenye mabaraza ya madiwani na mabunge ya kaunti tukiwa na vitabu vya bajeti mkononi na wanachama nyuma yetu.

Tunaamini katika siku ambayo uchaguzi wa nchi ya mbali hautafunga tena mlango wa kliniki yetu. Siku hiyo tunaijenga sisi, ndugu. Itisheni mkutano mkuu mwezi huu. Wekeni hesabu zote mezani, madeni yakiwemo. Andikisheni wanachama.