Nishani Si Malipo ya Picha

Wapo ndugu ambao, wakisikia kwamba mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu ametunukiwa kwa kuwatumikia wananchi, huangua kicheko. Tajiri, wanasema, hutoa makombo akasifiwa kama aliyetoa karamu. Dhihaka hiyo haikutoka hewani, kwani wanamichezo wanaokabidhi mipira michache mbele ya kamera nyingi ni wengi mno. Hata hivyo, wanaowacheka wote kwa pamoja wamepotoka.

Ligi ya Marekani, NBA, imekuwa na tuzo ya J. Walter Kennedy tangu mwaka 1975, na wapigao kura ni waandishi wa habari za mchezo huo. Dikembe Mutombo wa Kongo aliipata mwaka 2001 na tena 2009. Mama yake alifariki katika miaka ya 1990 mjini Kinshasa bila kuweza kufikishwa hospitali. Mwana akatoa mamilioni ya dola zake mwenyewe, na mwaka 2007 hospitali ya vitanda 300, yenye jina la mama huyo, ikaanza kupokea wagonjwa. Mutombo alifariki Septemba 2024. Hospitali haikuzikwa naye.

Luol Deng, aliyetuzwa mwaka 2014, yu karibu zaidi na watu wa Nyabiyonza. Alizaliwa Wau, Sudan, akakulia ukimbizini Misri kabla ya kufika London. Neno mkimbizi halihitaji kamusi Nyabiyonza: mwaka 1994 Wilaya ya Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa bado na Kyerwa ndani yake, ilipokea maelfu kwa maelfu kutoka Rwanda na kugawana nao maji na kuni. Mwaka 2019, alipoacha kucheza, Deng alishika uongozi wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, nchi isiyokuwa na hata uwanja mmoja wa ndani, akaigharimia timu kwa fedha zake. Julai 2024, katika Olimpiki ya Paris, timu hiyo iliishinda Puerto Rico 90 kwa 79.

Basi kosa si kumheshimu mchezaji. Kosa limo katika ofisi zetu, ambamo kasumba ya kutukuza wageni rasmi bado haijafutika. Mwalimu wa kijijini huiacha migomba na kahawa yake jioni, akachimba mashimo ya nguzo za magoli pamoja na wanafunzi, akawafundisha hadi giza linaingia. Siku ya sherehe cheti humwendea aliyeshuka garini saa nne na kuondoka saa sita (chakula nacho kikiwa kimetoka kwenye michango ya wazazi!).

Afisa anayeandaa orodha ya watakaotunukiwa aache kuuliza nani alitoa fedha nyingi. Aende uwanjani mwaka mmoja baada ya sherehe, atazame kama nguzo bado zimesimama, awaulize watoto ni nani huwafundisha, na jina watakalomtajia aliandike la kwanza.