Kinini isiyo na jina isiuzwe tena Kamina

KAMINA, Haut-Lomami. Kila asubuhi, kwenye meza za dawa zilizopangwa kando ya barabara na ndani ya soko, maneno ni yale yale. Mama anafika, kichwa kinamgonga, mgongo umekatika kwa kubeba maji, anasema: "Yaya, nipe ya maumivu." Muuzaji haulizi maumivu ni ya wapi. Haulizi kama mama ana mimba, wala kama amekwisha kumeza kitu kingine tangu jana. Anachukua mkasi, anakata kinini nne kwenye plaketi, anazifunga ndani ya karatasi iliyong'olewa kwenye daftari la mwanafunzi, na kusema: "Mbili asubuhi, mbili mangaribi." Mama analipa franka zake na kwenda. Jina la dawa limebaki mezani, kwenye kipande cha plaketi ambacho hakukipewa.

Hapo ndipo ubaya unapoanza. Wakaaji wengi wanaamini kwamba "ya maumivu" ni dawa moja. Sivyo. Kinini nyingi zinazouzwa mezani kwa sifa ya kuwa "kali" ni mchanganyiko: ndani ya kinini moja mna parasetamoli, ibuprofeni na kafeini kwa pamoja. Nyingine zina parasetamoli na diklofenaki. Nyingine zina aspirini. Jina lililoandikwa kwa herufi kubwa ni jina la biashara tu. Majina ya dawa yenyewe yameandikwa chini kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Anayekata plaketi na kutupa herufi hizo amemnyima mteja kitu cha lazima kuliko kinini yenyewe.

Hesabu yake ni rahisi, hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Mtu mzima mwenye afya asipitishe miligramu 4000 za parasetamoli kwa siku, yaani kinini nane za miligramu 500. Mwenye mwili mdogo, aliyedhoofika kwa njaa, au mwenye ini bovu, anapaswa kubaki chini ya hapo. Sasa chukua mama yule. Kwenye kituo cha afya alipewa parasetamoli ya kawaida, mbili mara tatu kwa siku: hizo ni miligramu 3000, na hakuna kosa. Maumivu hayakutulia, akaenda mezani, akaongezewa mchanganyiko wenye miligramu 325 za parasetamoli katika kila kinini, naye anazimeza mbili mara tatu: hizo ni 1950. Jumla ni 4950. Amepita mpaka bila kujua kwamba ameivuka, kwa sababu kwake hizi ni dawa mbili tofauti, moja nyeupe na moja ya rangi.

Ini halilalamiki siku hiyo hiyo. Parasetamoli ikizidi, siku ya kwanza mtu anaweza kuwa na kichefuchefu tu, au asisikie chochote kabisa, akaendelea na kazi zake. Macho kuwa ya njano na maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu huja baadaye, wakati ini limekwisha kuumia. Marekani, yenye hospitali kubwa kubwa, parasetamoli ndiyo sababu ya kwanza ya ini kukwama ghafla, na karibu nusu ya wanaofikia hali hiyo hawakutaka kujidhuru: walichanganya dawa tu, kama mama wa Kamina. Ndiyo maana Januari 2011 wakubwa wa dawa wa nchi hiyo waliwataka watengenezaji wa mchanganyiko unaoandikwa na daktari wasipitishe miligramu 325 za parasetamoli ndani ya kinini moja.

Kwa familia zilizohama, hatari ni kubwa zaidi. Mtu aliyetoka pande za Bukama au Malemba-Nkulu, akikimbia maji ya Lualaba au bunduki, hakuja na karatasi yake ya hospitali. Dawa yake inatoka sehemu tatu: kidogo kwa waganga waliopita kuwasaidia, kidogo kwa jirani aliyempokea, kidogo mezani. Zote zinaingia mfuko mmoja wa plastiki, bila jina. Usiku mtoto akilia, mkono unaingia mfukoni na kutoa chochote kilichoguswa. Wengine wanavunja nusu ya kinini ya mkubwa na kumpa mtoto wa miaka miwili. Nusu hiyo ina kafeini, na ina ibuprofeni ambayo hakuna aliyeipima kwa uzito wa mtoto. Kama ina aspirini ni mbaya zaidi, kwani aspirini haipewi mtoto mwenye homa.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi, na pengine wengi wao hawalijui. Haut-Lomami ni jimbo la kipindupindu. Kando ya Lualaba na maziwa ya Upemba ugonjwa huo unarudi na kurudi. Mtu anayeharisha na kutapika amekaukiwa maji mwilini, na figo zake zinategemea damu kidogo iliyobaki. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kumpa mtu wa namna hiyo kinini ya mchanganyiko kwa sababu miguu inamkaza ni kumchimbia shimo la pili pembeni ya lile la kwanza. Anachohitaji ni maji yenye chumvi na sukari ya kituo cha afya, upesi.

Mama mwenye mimba naye anauziwa ile ile. Ibuprofeni na ndugu zake hazifai kuanzia wiki ya 20 ya mimba bila ruhusa ya muganga, na katika miezi mitatu ya mwisho ni marufuku kabisa, kwani zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto aliye tumboni. Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kutokwa na damu ndani. Na yule baba anayeshusha mizigo kwenye gari moshi mchana, akinywa lutuku jioni na kumeza kinini kali usiku ili alale, anaipa ini lake mizigo miwili kwa mpigo.

Wauzaji wana jibu lao, na lisikilizwe. Wanasema: watu ni maskini, hawawezi kununua plaketi nzima, tukiacha kukata watakosa dawa kabisa. Ni kweli kwamba watu ni maskini. Lakini nani aliwaambia kwamba maskini hana haki ya kujua anachomeza? Mkasi si dhambi. Kukata kunaweza kufanywa kwa namna ambayo jina na tarehe ya mwisho vinabaki upande wa mteja. Ikishindikana, kalamu ya biki ipo, na karatasi ile ya daftari ina nafasi tele: andika parasetamoli, andika ibuprofeni, andika kiasi, andika saa ngapi. Kazi ya dakika moja. Anayeuza unga sokoni huambiwa aonyeshe kama ni wa mahindi au wa muhogo. Anayeuza kitu kinachoingia kwenye damu ya mtu anauza kwa kufumba.

Wengine wanasema mchanganyiko wenyewe ni sumu, upigwe marufuku wote. Hilo nalo ni kupita kiasi. Parasetamoli na ibuprofeni zinafanya kazi kwa njia mbili tofauti, na kwa maumivu ya jino au baada ya kupasuliwa, muganga anaweza kuzitoa pamoja kwa sababu nzuri, kwa siku chache. Shida ni kuzifanya chakula. Mtu anayemeza mchanganyiko siku kumi au zaidi kila mwezi, kwa miezi mitatu mfululizo, anaweza kupata kichwa kinachouma kwa sababu ya dawa yenyewe. Anaongeza dawa, kichwa kinaongeza kuuma, na mwenye meza anapata mteja wa kila siku.

Wala hili halikuanzia Afrika. Australia, miaka mingi, poda za mchanganyiko wa aspirini, fenasetini na kafeini ziliuzwa dukani kama pipi, hasa kwa akina mama wa nyumbani waliochoka. Figo zao zikafa kwa wingi, na waganga wakapiga kelele dhidi ya matangazo ya redio na magazeti, hadi mwaka 1979 dawa hizo za mchanganyiko zikazuiwa kuuzwa kiholela. India, ambako dawa nyingi za Afrika zinatengenezwa, serikali ilitangaza mwaka 2016 kupiga marufuku michanganyiko 344 ya dawa za aina mbalimbali. Makampuni yakaenda mahakamani, na mwaka 2018, baada ya mapitio mapya, ikarudi na orodha ya 328. Februari 2025 nchi hiyo hiyo ilisimamisha utengenezaji na upelekaji nje wa kinini zenye tapentadoli na karisoprodoli kwa pamoja, mchanganyiko wa maumivu uliokuwa unawaharibu vijana wa Afrika Magharibi. Kama wenyeji wa viwanda wanaogopa michanganyiko yao wenyewe, kwa nini mnunuzi wa Kamina aambiwe ameze na anyamaze?

Na anayesema "dawa ni dawa" akumbuke Ituri. Kati ya mwisho wa 2014 na katikati ya 2015, zaidi ya watu 1000 huko walipinda shingo, ulimi ukatoka, macho yakageuka juu. Kwanza walidhaniwa wana ugonjwa wa uti wa mgongo. Ikaja kujulikana kwamba walimeza kinini za njano zilizoandikwa diazepamu, lakini ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Zilikuwa kinini za makopo makubwa, zile za kuhesabiwa mkononi. Kama hata kopo lenye jina liliweza kudanganya, karatasi ya daftari isiyo na neno hata moja inaaminiwa kwa msingi gani?

Lawama haziishii mezani. Leta ina ACOREP, mamlaka ya kusimamia dawa katika nchi nzima, na jimbo lina divisheni yake ya afya. Kodi ya meza inajulikana inalipwa siku gani. Ukaguzi wa kilichopo juu ya meza nao ujulikane unafanywa siku gani, na na nani. Na vituo vya afya navyo viache tabia ya kumwandikia mgonjwa jina la biashara kwa mwandiko usiosomeka. Redio za mji zinatangaza muziki na matangazo ya mazishi kutwa; dakika tano kwa juma, kwa Kiswahili na Kiluba, zingetosha kusoma majina manne: parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki, aspirini.

Mpaka hayo yafanyike, mnunuzi ana silaha moja, nayo ni kukataa. Asiyejua kusoma amwite mtoto wa shule asome. Kama neno parasetamoli linaonekana kwenye dawa mbili, moja ikae. Kama ibuprofeni, diklofenaki au aspirini inaonekana kwenye dawa mbili, vile vile. Ibuprofeni iliyonunuliwa bila karatasi ya muganga isizidi miligramu 1200 kwa siku, imezwe baada ya chakula, na kati ya dozi na dozi zipite saa sita au zaidi. Homa isizimwe kwa kinini kali na kuachwa hivyo: malaria inaendelea kufanya kazi yake chini ya jasho, na kipimo cha kidole kwenye kituo cha afya ndicho kinachojibu.

Na yule aliyegundua leo kwamba amezidisha, asingoje kuona kama ataumwa. Aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anajisikia mzima, kwani dawa ya kuokoa ini inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa nane. Abebe plaketi, kopo, karatasi, chochote kilichobaki, amwonyeshe muganga. Kama alichopewa ni karatasi tupu ya daftari, mtu wa nyumbani arudi kwenye meza ile mara moja na asitoke hapo bila jina.