Noteri si Wakili Wako

Waulize watu wa Kigali kama mtu anayenunua nyumba anahitaji wakili, na wengi watakujibu upesi: wakili wa nini, kwani kuna kesi? Ardhi yote iko kwenye kompyuta. Ingiza namba ya kiwanja, jina la mwenyewe litatokea. Nendeni kwa noteri, wewe na muuzaji, tieni saini, na baada ya siku chache hati inasomeka kwa jina lako. Wakili ni wa wagomvi, au wa matajiri wasiojua pa kupeleka pesa zao. Maneno haya nimeyasikia Nyamirambo na Kimironko, nimeyasikia pia kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanaokuja kutafuta makazi hapa. Ninasema waziwazi kwamba imani hii inawaumiza watu, na inazidi kuumiza kadiri mfumo wa ardhi unavyozidi kuwa mzuri, kwa sababu uzuri wa mfumo ndio unaowalaza usingizi.

Mfumo wenyewe lazima niutendee haki. Kati ya 2009 na 2013 Rwanda ilifanya kazi ambayo nchi nyingi za Afrika bado zinaiota: zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi vilipimwa na kuandikwa, majirani wakisimama mipakani na kukubaliana mbele ya wapimaji, mwananchi akilipa faranga 1,000 kwa kipande. Majina ya wake yaliingia kwenye hati pamoja na ya waume. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2020 kuhusu urahisi wa kufanya biashara iliiweka Rwanda kati ya nchi 3 za kwanza duniani kwa usajili wa mali. Januari 2023 hati za karatasi zilianza kustaafishwa, zikaja za kielektroniki, na tapeli wa kugonga mihuri ya bandia akapoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Haya si madogo, na anayeyabeza hajui wenzetu wa nchi jirani wanapitia nini.

Lakini daftari la ardhi linajibu maswali machache tu: nani ameandikwa kuwa mwenye kiwanja, ukubwa wake, matumizi yake, na kama kuna rehani au zuio lililosajiliwa hadi leo asubuhi. Mnunuzi ana maswali mengi kuliko hayo. Nyumba iliyosimama juu ya kiwanja ina kibali cha ujenzi? Vile vyumba vya nyuma vilivyoongezwa kwa ajili ya wapangaji viliwahi kuombewa ruhusa? Wapangaji wenyewe watatoka lini, na nani atawarudishia kodi waliyolipa mapema? Nikitoa arubuni leo na muuzaji akapata mteja wa bei kubwa zaidi wiki ijayo, nitashika nini mkononi? Kompyuta haina majibu hayo, na wala haikutengenezwa kuwa nayo.

Hapo ndipo watu hukimbilia kusema: lakini noteri yupo. Basi tuzungumze juu ya noteri, kwa maana kosa kubwa liko hapa. Noteri, awe wa serikali au wa binafsi, kazi yake ni kuhakikisha kwamba waliokuja mbele yake ndio wenyewe, wana uwezo wa kisheria, wametaka kwa hiari yao, na saini ni zao. Hana upande. Akianza kukunong'oneza kwamba bei ni kubwa mno, au kwamba usilipe yote kabla hujakabidhiwa funguo, atakuwa ameacha kazi yake na kuchukua ya mtu mwingine. Mnunuzi anayetoka pale akisema kwamba mwanasheria ameshauangalia mkataba anajidanganya. Mkataba mbaya uliotiwa saini kihalali mbele ya noteri unabaki kuwa mkataba mbaya, na sasa una nguvu zaidi dhidi yako kuliko ulivyokuwa kwenye karatasi ya daftari.

Na mikataba mibaya ni mingi. Mara nyingi ni fomu ileile ya kurasa mbili inayozunguka kwa makomisiyoneri, yaani madalali wa nyumba, jina likifutwa na jingine kuandikwa. Haisemi itakuwaje muuzaji akichelewa kuhama. Haisemi nani atalipa kodi za kiwanja zilizolimbikizwa, ambazo zisipolipwa zinasimamisha uhamisho wote. Haitaji umeme, maji wala ukuta wa pamoja na jirani. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini mgeni wa Kiswahili atawekewa mezani mkataba wa Kinyarwanda, na atatia saini kwa kumwamini aliyemfasiria, ambaye mara nyingi ni yuleyule komisiyoneri anayesubiri asilimia yake.

Suala la familia ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu hapo anayeumia huwa si mnunuzi peke yake. Sheria ya 1999 iliwapa binti na mke haki ambazo mama zetu hawakuwa nazo, na ile ya 2016 ikazichukua na kuziendeleza. Waliooana serikalini kwa mali ya pamoja hawauziani migongoni. Saini ya mwenza inatakiwa, na hilo noteri huliangalia. Je, mwanamke aliyeishi na muuzaji miaka mingi, akazaa naye na kujenga naye, bila kwenda kuapa mbele ya bendera kwenye ofisi ya sekta? Daftari halimjui. Muuzaji anaonyesha karatasi inayosema ni kaseja, mambo yanapita, kisha mama yule anasimama mlangoni na watoto wake kudai jasho lake, na anaweza kwenda mahakamani akasikilizwa. Au mwenye hati amekwishafariki, jina lake bado linang'aa kwenye mfumo, na kijana anayekuuzia ni mmoja tu wa warithi watano. Wakili makini hukaa na watu hao kabla ya pesa kutoka. Huuliza kwa majirani. Humwomba mkuu wa umudugudu, yaani kijiji, amweleze nani anaishi pale na tangu lini. Kazi hii haifanywi na simu.

Kisha panda milima ya pembezoni, Masaka, Rusororo, Ndera, kule ambako vijana wenye mishahara ya kawaida wanakimbilia kwa sababu ya bei. Sheria ya ardhi ya 2013 ilikataza kugawa shamba likawa vipande vya chini ya hekta 1. Watu waliendelea kuuziana vipande vya ujenzi hivyohivyo, kwa maandishi ya mkono na mashahidi watatu, hati moja ikibaki kwa mwenye shamba. Sheria mpya ilikuja Juni 2021, lakini makaratasi yale ya mkono hayajafa, na bado yanauzwa na kununuliwa. Juu ya hayo upo mpango mkuu wa jiji, toleo la 2020, unaotazama hadi mwaka 2050: mlima huu ni makazi ya wastani, ule ni ya ghorofa, hapa ni kilimo, hapa ni msitu, bonde lile ni chepechepe lisiloguswa. Mtu anaweza kununua kiwanja kwa haki kabisa, jina lake likaandikwa, kisha akaomba kibali cha ujenzi na kuambiwa hapa utapanda mahindi. Wanaonunua karibu na mabonde wanapaswa kukumbuka Desemba 2019, jiji lilipoanza kuhamisha maelfu ya kaya kutoka kwenye maeneo ya chepechepe. Na waliotaka kununua Kangondo, mtaa ulioitwa Bannyahe pale Nyarutarama, baada ya habari za kuhamishwa kuanza kuenea mwaka 2017, wangehitaji mtu wa kuwafungulia sheria ya 2015 ya utwaaji ardhi kwa manufaa ya umma na kuwaonyesha maana yake. Wenyeji wa pale walidai fidia ya pesa, wakapewa nyumba Busanza, wakaenda mahakamani, na Septemba 2022 nyumba zilizobaki zikabomolewa.

Mfano wa Kinyinya ndio unaoimaliza hoja ya kompyuta. Mwaka 2023 nchi nzima iliona nyumba za mtaa wa Urukumbuzi, mpya, za mpangilio, zikiwa na kuta zisizoaminika, wakazi wake wakiishi kwa hofu kila mvua iliponyesha, hadi suala likafika kwenye vyombo vya sheria. Hakuna hati ambayo ingemwonya mnunuzi wa pale. Wakili anayejua kazi yake hapimi zege, lakini anadai kuona kibali cha ujenzi na kibali cha kutumia jengo, anasisitiza mhandisi asiyelipwa na muuzaji apite, na anaandika kifungu kinachobakiza sehemu ya bei mkononi mwa mnunuzi mpaka kasoro zirekebishwe. Kifungu kimoja hicho kina thamani zaidi kuliko ada yake yote.

Nitapita haraka kwenye mazoea mawili mengine ya Kigali. La kwanza ni kuandika bei ya uongo ili kupunguza kodi ya mauzo. Muuzaji atakuambia, ndugu yangu, tuandike nusu, sote tunafanya hivyo. Siku mauzo yakivunjwa na mahakama, utarudishiwa nusu hiyo, na utakuwa umeshiriki udanganyifu kwa saini yako mwenyewe. La pili ni la walio Ulaya, Marekani na Kanada: kumtumia binamu pesa anunue, hati iandikwe kwa jina lake "kwa muda". Kisheria kiwanja ni cha binamu, na mkewe ana haki ndani yake, na binamu anaweza kukiweka rehani benki. Prokurasi, yaani hati ya uwakilishi, iliyoandikwa vizuri, yenye mipaka ya wazi na inayotaja namba ya kiwanja, ingezuia haya yote, na kuiandika ni kazi ya saa moja.

Najua nitajibiwa kwamba mawakili nao ni walaghai. Wapo. Kenya sheria inawaachia mawakili kazi ya kuandaa hati za uhamisho wa ardhi, na bado Novemba 2011 watu wa Syokimau walishuhudia nyumba zao zikibomolewa juu ya ardhi iliyodaiwa na mamlaka ya viwanja vya ndege. Wakili peke yake si kinga. Ndiyo maana ninasema mchague kwa ukali uleule mnaochagulia daktari wa kumpasua mtoto wenu.

Hakikisha kwanza ameandikishwa katika Chama cha Mawakili cha Rwanda. Kigali ina watu wengi wenye shahada ya sheria na kadi ya biashara ambao hawana haki ya kujiita mawakili. Usimkubali aliyeletwa na komisiyoneri, wala anayesema atawahudumia wewe na muuzaji kwa pamoja ili mpunguze gharama. Muulize amesimamia mauzo mangapi ya nyumba mwaka huu, maana bingwa wa kesi za jinai anaweza asijue hata pa kutafuta rehani iliyosajiliwa kwa Msajili Mkuu kule RDB, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda. Ada iwe kiasi kilichokubaliwa kwa maandishi, na alipwe hata akikushauri usinunue. Anayelipwa pale tu mauzo yanapokamilika ana sababu ileile ya komisiyoneri ya kukuhimiza utie saini. Akikataa kwenda kukiona kiwanja kwa macho yake, mshukuru na utafute mwingine. Na aletwe mwanzo, kabla ya arubuni. Wengi humpigia simu wakati pesa zimeshatoka, kisha wanamlaumu kwa kushindwa kufufua maiti.

Gharama? Komisiyoneri huchukua asilimia ya bei nzima kwa kukuonyesha lango, na hakuna anayenung'unika. Ada ya kusoma mkataba na kufanya uchunguzi ni ndogo kuliko hiyo mara nyingi, na kwa asiye na kitu kabisa kila wilaya ina ofisi ya MAJ inayotoa msaada wa kisheria bure. Tatizo letu halijawahi kuwa pesa. Tunaona fahari kumlipa anayetufungulia mlango, na tunaona hasara kumlipa anayetuambia tusiingie.

Sitaki mzigo huu umwangukie mnunuzi peke yake. Chama cha Mawakili kinaweza kutangaza orodha ya wanachama wanaoshughulikia ununuzi wa nyumba, pamoja na ada ya kawaida ya kazi hiyo, ili kijana wa Kicukiro asiogope kupiga simu. Mamlaka ya Taifa ya Ardhi inaweza kuweka kielelezo cha mkataba wa mauzo katika lugha zote nne rasmi, Kiswahili kikiwemo, chenye vifungu vya arubuni, makabidhiano na kasoro za jengo. Na kila noteri wa ardhi alazimishwe na kanuni kuwasomea pande zote mbili, kabla ya kalamu kugusa karatasi, sentensi moja: mimi si mshauri wa yeyote kati yenu, na kila mmoja ana haki ya kuahirisha saini hii hadi apate wake.