MHANDISI NAYE AENDE SOKONI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3

Ndugu msomaji, ingia darasa lolote la shule hii uulize ni nani anataka kuwa mhandisi. Mikono itakayoinuka haina hesabu. Kisha umgeukie mmoja wao umwulize, "Utatengeneza nini, na nani atakinunua?" Utasikia kimya kama cha chumba cha mtihani. Hapo ndipo nina neno na wenzangu, na walimu wetu waniwie radhi nikisema kwa ukali kidogo. Tumezoea kudhani kwamba mhandisi ni mtu wa kupiga hesabu na kuchora ramani tu. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kuuza, na kujuana na watu wa kiwandani na wa sokoni, na hiyo hakuna anayetutajia.

Hebu tutazame kisa ambacho wazee wetu wanakikumbuka vizuri. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya na likienda polepole. Wakaliunda kweli. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani Kasarani, na katika majaribio yalifika mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Si jambo dogo hilo, bwana! Lakini hadi leo hakuna Mkenya aliyewahi kwenda dukani akanunua gari la Nyayo. Pesa za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana, na shirika lililoanzishwa kwa kazi hiyo likaishia kuwa karakana ya serikali ya vyuma na vipuri, ile iitwayo Numerical Machining Complex.

Wengi hukicheka kisa hiki. Mimi sikicheki hata kidogo, maana wahandisi wale walifanya walichoombwa. Kosa ni kwamba waliombwa gari, hawakuombwa biashara ya magari. Atakayelinunua ni nani? Kwa bei gani? Vipuri atavipata wapi akiharibikiwa akiwa njiani kwenda Kitale? Na miaka hiyohiyo ya tisini milango ilipofunguliwa, magari yaliyokwisha kutumika huko Japani yakaja kwa wingi bandarini Mombasa. Hata kama fedha zingekuwapo, sijui Nyayo Pioneer lingeshindana nayo vipi.

Sasa tia jicho jikoni kwenu. Pengine lipo lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo uliochomwa ndani. Hilo nalo lina wahandisi wake, ingawa hakuna aliyelipigia ngoma Kasarani. Mwanzoni mwa miaka ya themanini wataalamu waliokuwa wakitafuta njia ya kupunguza makaa waliona majiko ya udongo ya kule Thailand, wakajaribu kuyaleta kwa sura ya kwetu. Majaribio ya kwanza yalikuwa na kasoro. Nani aliyezitaja? Akina mama waliopewa wayapikie! Nani aliyejua bati litakunjwa vipi kwa nyundo bila mashine ya bei ghali? Mafundi wa jua kali. Umbo likabadilishwa, likabadilishwa tena, mpaka likawa hili tulijualo: halianguki ukisonga ugali, na linakula makaa machache kuliko lile la bati tupu. Mafundi wa Shauri Moyo jijini Nairobi wakayatengeneza, mafinyanzi wakafinyanga udongo, wachuuzi wakayauza, na kadiri mafundi walivyoongezeka ndivyo bei ilivyoshuka hata mwananchi wa kawaida akalimudu.

Ati mtu ataniambia jiko si uhandisi? Basi na aniambie moto unavyopita katika udongo, na kwa nini udongo ule haupasuki. Kuna mfano mwingine pia. Mwaka 1991 Martin Fisher, mhandisi Mmarekani, na Nick Moon walianzisha ApproTEC hapa Nairobi. Mwaka 1996 wakaanza kuuza pampu ya kukanyaga kwa miguu, mkulima mdogo anyunyizie mboga maji bila petroli. Pampu ile waliipa jina MoneyMaker, yaani chuma pesa. Jina hilo pekee ni somo la biashara! Hawakumwambia mkulima habari za mgandamizo wa maji, walimwambia atakachopata mfukoni. Tena hawakuigawa bure, waliiuza madukani.

Nikija kwenye kujuana, najua neno hili limeoza katika nchi yetu. Ukisema fulani alipata kazi kwa kujuana, watu huguna, na wana haki ya kuguna. Lakini kuna kujuana kwingine ambako si kwa kuomba upendeleo. Ni kule kwa mtu anayekujua kwa sababu aliiona kazi yako. Hata sheria inaitambua njia hiyo kwa namna yake: digrii peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi kamili. Bodi ya Wahandisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 humtaka afanye kazi kwa miaka isiyopungua mitatu baada ya chuo kabla ya kumwandikisha. Miaka hiyo mitatu ataifanya wapi mtu asiyemjua yeyote?

Na waajiri nao nina lao. Kila mwezi mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi, ziwe za mafunzo ya viwandani. Vizuri sana. Lakini dada yangu alipopelekwa kufanya mazoezi katika kiwanda kimoja, kazi kubwa aliyopewa ilikuwa kutoa nakala za karatasi na kuleta chai. Mashine aliziona kupitia dirishani. Jamani, huyo mkija kumlaumu kesho kwamba hajui kazi, mtakuwa mnamwonea. Pesa mmetoa, kijana mmempokea, kwa nini mnamnyima bisibisi?

Sisi hapa shuleni hatuna haja ya kungoja chuo kikuu. Siku ya kushauriwa juu ya kazi, kila mwaka huletwa mgeni mwenye tai atusimulie alama alizopata. Aje, karibu sana, lakini aje pamoja na fundi wa kuchomelea, wakae meza moja, tuwaulize maswali mamoja: chuma unakinunua wapi, kinagharimu pesa ngapi, nani amekataa kukulipa? Isitoshe, kila likizo fundi huja kukarabati vitanda vya bweni sisi tukiwa nyumbani. Namwomba mwalimu wa fizikia na Bwana Naibu, safari ijayo fundi huyo aitwe wakati wa masomo, apewe vipindi viwili na Kidato cha 3, naye alipwe kwa vipindi hivyo kama anavyolipwa kwa vitanda.