Namba iko kwa mwenye seva, haimo kwenye simu ya mwanao

Chukua mfano wa familia moja yenye duka dogo Katoro, mkoani Geita. Baba anauza makarai, kamba, tochi na viatu vya mpira kwa wachimbaji wadogo. Kijana wake mkubwa, mwenye miaka 22, ndiye anayekaa dukani. Mdogo wake anasoma kidato cha nne Shinyanga, na amerudi likizo na kompyuta aliyopewa na mjomba wake.

Mwisho wa mwezi hesabu ya duka inapungua Sh180,000. Kijana mkubwa anakiri kwamba pesa imekwenda kwenye mchezo wa kindege kwenye simu. Ila hajakata tamaa. Kuna mtu mtandaoni anauza programu ya kutabiri kindege kitatoroka lini, kwa Sh50,000.

“Baba, nikiipata hiyo, wiki moja tu narudisha yote.”

Baba anapandwa na hasira, na hasira hiyo inamfikia hadi mdogo mtu. Huyu naye ana siku ya tatu mbele ya kompyuta, kwenye mchezo ambao ndani yake hamna mchezaji mwingine hata mmoja.

“Na wewe ni yale yale?”

“Hapana, baba. Mimi hapa sichezi, nachunguza.”

Mzazi anayesikia jibu hilo hana budi kuuliza linamaanisha nini. Mchezo wa mtandaoni una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ile unayoiona kwenye simu au kompyuta: picha, sauti na vitufe. Ya pili ni seva, yaani kompyuta ya mwenye mchezo, ambayo inaweza kuwa nchi nyingine kabisa. Ukibonyeza kitufe, simu hupeleka ujumbe kwenye seva. Seva ndiyo inayopiga hesabu, inaamua umepata au umekosa, kisha inarudisha jibu. Simu kazi yake ni kukuonyesha jibu hilo.

Wanaotaka kujua mchezo unavyofanya kazi husoma ujumbe unaokwenda na kurudi, kisha huandika programu yao ya seva inayojibu kama ile ya asili. Hiyo huitwa seva ya kuiga. Mchezo ukiikubali na kuendelea kama kawaida, mchunguzi anajua sehemu hiyo ameielewa. Ndivyo ilivyofanywa kwa Ultima Online, mchezo wa mwaka 1997, na kwa World of Warcraft wa mwaka 2004. City of Heroes ulifungwa na wenyewe Novemba 2012. Wapenzi wake waliurudisha hewani kwa seva yao mwaka 2019, na Januari 2024 kampuni yenye haki ikawapa kibali.

Turudi Katoro. Mdogo mtu anamwita kaka yake akae karibu. Kwenye seva yake kuna masanduku ya bahati, na ameyawekea namba yeye mwenyewe: zawadi kubwa itoke mara 1 katika kila 100.

“Kaka, ukifungua masanduku 100, utaipata?”

“Lazima niipate.”

Kompyuta inaigiza wachezaji 1,000, kila mmoja akifungua masanduku 100. Karibu 370 wanaondoka mikono mitupu. Hakuna aliyewaibia, ndivyo hesabu ya bahati ilivyo. Kukosa mara 99 hakuifanyi ya 100 iwe yako, kwa sababu sanduku halikumbuki lililotangulia.

Kisha kijana anabadilisha namba moja kwenye seva, kutoka 1 katika 100 hadi 1 katika 500. Anamwomba kaka yake atazame skrini. Sanduku ni lile lile, linang’aa vile vile, na mlio haujabadilika.

“Umeona tofauti yoyote?”

Kaka anatikisa kichwa.

“Basi huyo anayekuuzia programu ya kutabiri anaiona wapi namba, wakati iko kwa mwenye seva?”

Swali hilo linafanya kazi ambayo makaripio ya baba hayakuweza kuifanya. Mchimbaji haamini jiwe kwa kulitazama. Hulisaga, akaliosha kwenye karai, ndipo akajua lina nini. Lakini jiwe hilo analo mkononi. Mchezaji wa kindege anacho kioo cha simu tu.

Hata mwenye mchezo akiwa mwaminifu, hesabu haimwelekei mchezaji. Tuseme mchezo unarudisha kwa wastani Sh97 katika kila Sh100 zinazowekwa. Anayeweka Sh10,000 mara 50 ameweka jumla ya Sh500,000, na kwa wastani atapoteza Sh15,000. Kadiri anavyozidisha mizunguko “kufidia”, ndivyo wastani huo unavyokua.

Serikali nyingine zimeliona jambo hili. China iliagiza kuanzia Mei 1, 2017 kampuni za michezo zitangaze uwezekano wa kupata kila zawadi iliyomo kwenye masanduku ya bahati. Ubelgiji mwaka 2018 iliyahesabu masanduku ya kulipia kuwa kamari. Hapa nchini michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuicheza.

Kwa mzazi mwenye mtoto mchunguzi, mipaka ni muhimu. Kuchunguza programu iliyo kwenye kompyuta yake na kuingia kwenye seva ya mtu mwingine bila ruhusa ni mambo mawili tofauti. Hilo la pili ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Hata kuiga seva kunaweza kuleta kesi. Marekani mwaka 2005 mahakama ya rufaa iliamua dhidi ya watengenezaji wa bnetd, programu iliyoiga seva za michezo ya Blizzard, japo haikuwa ya kuuza. Anayeanza aanze na michezo ambayo wenyewe wanaruhusu. Minecraft, kwa mfano, hutoa bure programu ya seva, na Luanti iko wazi yote, kila mtu anaweza kuisoma na kuibadilisha.

Na mwenye kijana aliyekwisha kupoteza pesa asiishie kugombeza. Akae naye, waandike kwenye daftari kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, na mtaji wa duka uhamie kwenye simu ya mtu mwingine kwa muda.

Kule Katoro Sh50,000 za programu hazijatoka. Deni la Sh180,000 lipo, na kijana atalilipa Sh15,000 kila mwezi kutoka kwenye posho yake, miezi 12. Daftari anashika mdogo wake hadi likizo iishe, kisha litashikwa na mama.