Fundi alipwe kwa kuchunguza, si kwa kung'oa

MTAZAMO WA WIKI
Na Mwihaki Gathuru

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei ya mafuta itakayotumika kwa mwezi mmoja, na kabla ya usiku kuingia sawasawa tangazo hilo limeshafika katika kila kikundi cha WhatsApp kuanzia Membley ya Ruiru hadi Makongeni ya Thika. Tumeishi hivyo tangu Desemba 2010, serikali ilipoanza kuweka kikomo cha bei. Tumeona lita ya petroli ikivuka Sh217 jijini Nairobi mnamo Oktoba 2023. Mwaka huo huo VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwaka uliofuata ada ya kutunza barabara ikatoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Tulilalamika, na tulikuwa na haki. Lakini yako mafuta mengine tunayoyapoteza sisi wenyewe, ndani ya injini za magari yetu madogo, na kuhusu hayo simsikii mtu akipaza sauti.

Tangu Rais Mwai Kibaki alipofungua Barabara Kuu ya Thika mnamo Novemba 2012, upande wetu wa Kiambu umejaa watu wanaolala huku na kufanya kazi Nairobi. Ruiru ilikuwa na wakazi 238,858 katika sensa ya 2009. Kufikia sensa ya 2019 walikuwa 490,120, karibu mara mbili ya wakazi wa Thika, ambao walikuwa 251,407. Simama kwenye daraja la Kimbo saa kumi na mbili asubuhi utazame magari yanayopita chini yako: Vitz, Demio, March, Note, Fit. Ni mitumba kutoka Japani, na kila mwenye gari kama hilo atakuambia alilinunua kwa sababu halinywi mafuta.

Sasa tupige hesabu. Kutoka Thika mjini hadi katikati ya Nairobi na kurudi ni takriban kilomita 90. Gari dogo lililotunzwa, likienda kilomita 18 kwa lita, hutumia lita 5 kwa siku. Gari lilo hilo likidorora hadi kilomita 12 kwa lita hutumia lita 7.5. Tukichukua bei ya Sh180 kwa lita, tofauti ni Sh450 kwa siku, yaani Sh9,900 kwa mwezi wa siku 22 za kazi. Septemba 2023, petroli ilipoongezwa karibu Sh17 kwa lita kwa mkupuo mmoja na nchi nzima ikalia, mwenye gari linalokwenda vizuri kwenye safari hiyo aliongezewa chini ya Sh2,000 kwa mwezi. Injini mbovu inamtoza mara tano ya pesa hizo na hata hajui.

Hajui kwa sababu tunanunua mafuta kwa shilingi. "Weka ya elfu moja," tunasema, na bei ikipanda mshale wa tanki unasimama chini kidogo, basi lawama zote zinakwenda EPRA. Ukitaka kujua ukweli, jaza tanki mpaka pampu ikate, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, endesha kama kawaida yako, kisha jaza tena kwenye kituo kile kile mpaka ikate. Gawa kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Rudia mara mbili au tatu ndipo uamini.

Wala usichukue nambari ya muuzaji wa yadi. Akikuambia gari linakwenda kilomita 22 kwa lita, huenda hadanganyi, ila anasoma karatasi ya Japani. Magari mengi tuliyonunua hapa yalipimwa huko kwa kipimo cha JC08, ambacho mwendo wake wa wastani ni kilomita 24 kwa saa na kasi yake ya juu haifiki 82. Kile kilichokitangulia kiliishia kilomita 70 kwa saa. Hakuna kati ya hivyo kinachofanana na kukimbia kwa kasi ya 100 kutoka Juja ukiwa na abiria wanne, kisha ukakwama Githurai kwa nusu saa.

Upotevu huu mara nyingi huanzia gereji. Hivi majuzi nilikuwa katika gereji moja ya Makongeni alipofika mwalimu mmoja na Vitz yake. Taa nyekundu ya joto ilikuwa imewaka jioni iliyotangulia. Gereji nyingine ilikuwa imemwambia dawa ni moja tu, kung'oa thamostati, na alikuja kuuliza kama kuna mahali kazi hiyo inafanywa kwa bei ya chini zaidi. Fundi, kijana mwembamba mwenye ovaroli iliyofuliwa, hakushika spana. Aliuliza, "Mwalimu, hii taa inawaka ukiwa wapi?" Mwalimu akafikiri, akasema huwaka Githurai na Roysambu, lakini kutoka Ruiru kwenda Thika haijawahi kuwaka. "Basi ngoja kwanza, mwalimu. Tusitoe kitu hatujakipima."

Alipunguza maji ya rejeta, akafungua thamostati na kuitoa. Ni kidude cha chuma chenye springi, kinachotoshea kiganjani. Alikitumbukiza ndani ya sufuria kuukuu ya maji, akaomba nafasi kwenye jiko la mama anayeuza chai mlangoni. Sisi watatu tukainama kutazama. Maji yalipoanza kutoa mvuke, kabla hayajachemka, sahani ndogo ya katikati ilijisukuma ikafunguka taratibu. Alipokitoa kikapoa, ikajifunga tena. Kilikuwa kizima kabisa.

Alikirudisha mahali pake, akaongeza maji, akawasha injini na kukaa kando akisubiri feni ya rejeta. Joto lilipanda na feni haikuzunguka. Gari likiwa mwendoni upepo wa barabara huipoza rejeta, ndiyo maana Juja hapakuwa na tatizo. Kwenye foleni upepo huo haupo, feni ndiyo inayotegemewa, na rilei yake ilikuwa imekufa. Aliweka nyingine, kidude cha bei ndogo kuliko chakula cha mchana mjini. Kazi nzima ilimchukua muda mrefu, na karibu wote aliutumia kuuliza, kusubiri na kutazama. Alipotaja malipo, alitaja bei ya rilei na pesa kidogo ya mkono.

Gereji ile ya kwanza ingeng'oa thamostati na taa nyekundu pengine ingepotea kwa miezi kadhaa. Nimesikia mafundi wengi wakisema kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Si kweli. Kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, ambalo kwenye magari mengi haya huanzia nyuzi 80 na kitu. Ukikitoa, maji yanazunguka muda wote, na kwenye barabara iliyo wazi injini inabaki baridi. Kompyuta ya gari ikisoma ubaridi huo hufikiri ndiyo kwanza umetoka nyumbani, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Mfumo wa kuzima injini kwenye foleni nao haufanyi kazi, kwa kuwa unangoja injini ipate joto. Oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli inayochuruzika ndani yake, inageuka tope. Magari mengi madogo ya Japani hayana mshale wa joto, yana taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi. Kama umetoka Thika na taa hiyo bado inawaka unapopita Juja, fundi wako amekuachia pengo mahali palipokuwa na thamostati.

Dada wa kosa hilo ni maji matupu ndani ya rejeta. Thika iko juu sana ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji kwenye sufuria huchemka karibu na nyuzi 95, si 100. Kifuniko cha rejeta husaidia kwa kuyabana, lakini mpira wake ukichakaa msaada huo umekwisha. Kulanti, kimiminika maalumu cha kupoza injini, hupandisha kiwango hicho cha kuchemka, tena huzuia kutu. Maji ya bomba huleta kutu na chumvi, kutu huziba rejeta, gari linachemka, na tunarudi pale pale kwenye kung'oa.

Kisha kuna oili. Fungua boneti usome kifuniko cha kumimina oili: kwenye Vitz na Note nyingi utakuta 0W-20, na tofauti yoyote inayokubalika imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukifika gereji unamiminiwa 20W-50, oili nzito ya injini za zamani za pikapu, kwa hoja kwamba nzito hulinda zaidi. Njia za oili kwenye injini hizi ndogo ni nyembamba. Oili nzito inasukumwa kwa nguvu, na nguvu hiyo inatoka kwenye petroli yako. Filta ya hewa nayo huziba haraka kwetu kuliko kitabu kinavyokadiria, hasa kwa anayeishi karibu na njia za malori ya mawe ya Ndarugo.

Kuhusu giaboksi ya CVT, aina ya otomatiki iliyo kwenye mengi ya magari haya, nitasema moja tu. Haikubali mafuta yoyote yanayoitwa ya otomatiki. Toyota ina yake, Nissan ina yake, na ukichanganya utanunua giaboksi nyingine.

Wengi wataisoma orodha hii wamlaumu fundi. Mimi simlaumu. Miji yetu haina uhaba wa akili ya magari. Kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers kimekuwa hapa Thika tangu miaka ya 1970, kilipoanza kwa jina la Leyland. Desemba 2016 ndicho kilichoanza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo, gari dogo jipya kabisa, lililofungwa kwa mikono ya vijana wa hapa. Maarifa tunayo. Kinachokosekana ni mtu wa kuyalipia.

Tazama jinsi tunavyolipa. Tunalipia kipuri, kwa sababu tunakiona. Tunalipia kazi ya mkono, kwa sababu tunaona nati zikifunguliwa. Fundi akitumia saa nzima kutafuta chanzo cha tatizo, akagundua kwamba ni waya uliolegea na kuukaza, tunamwuliza pesa anataka za nini na hajabadilisha chochote. Kwa mpango huo, anayekisia na kubadilisha plagi zote nne anakula vizuri kuliko anayepima. Anayeng'oa thamostati kwa dakika 20 anahudumia magari matatu huku mwenzake wa Makongeni bado anachungulia sufuria. Sisi wateja ndio tuliounda soko hilo, shilingi kwa shilingi.

Ninachotaka ni uchunguzi uwe na bei yake, iliyoandikwa ukutani, inayolipwa hata kama gari halikupatikana na ubovu. Hospitalini tunalipia kumwona daktari kabla ya dawa na hatuhesabu kwamba tumeibiwa. Fundi akijua saa yake ya kufikiri ina malipo, atanunua kipimajoto na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na atakuwa na sababu ya kwenda kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambao leo mteja hauulizii.

Uchunguzi huo uanze kabla ya kununua. Kwa sheria ya KEBS, shirika la viwango, gari halizidi miaka minane likiingia nchini, na tangu ushuru wa forodha upande kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, watu wengi wamehamia kwenye yale yaliyokwisha tumika hapa, yenye namba za KCA na KCB, ambayo yamezunguka Kenya takriban miaka kumi. Gari lililotoka Japani karibuni fungua mlango wa dereva, tafuta kibandiko kidogo cha kubadilisha oili. Gereji za kule hubandika tarehe na kilomita. Wakati mwingine mwaka huandikwa kwa hesabu ya enzi zao: H30 ni 2018, R3 ni 2021. Kama kibandiko cha 2021 kinasema kilomita 98,000 na dashibodi leo inasoma 61,000, funga mlango uende zako. Lile la KCB mpe fundi alipime siku nzima, umlipe.

Hapa ndipo sacco zetu za Ruiru na Thika zinaweza kusaidia kuliko serikali ya kaunti. Zinatoa mikopo ya magari kila wiki, na fomu inauliza bei, logbuku na bima. Ziongeze mstari mmoja, gharama ya uchunguzi wa fundi asiye na uhusiano na muuzaji, iwe ndani ya mkopo, na ripoti yake iliyotiwa sahihi iambatishwe kabla ya hundi kutoka. Mwanachama ataifidia kwa mafuta ya wiki chache, na sacco haitabaki na dhamana ya gari lililoungua kichwa cha injini. Mikutano mikuu ya wanachama iko karibu. Mwenye gari dogo na mwenye mpango wa kulinunua ainue mkono aombe hilo liingizwe kwenye ajenda.