Rimoti ya Akina Mama

Ramadhani iliyopita, bibi mmoja wa mtaa wetu hapa Tabora alitusimamisha baada ya tarawehe, sisi wa kamati ya msikiti, akatuambia: "Wanangu, darsa ya saa kumi na moja jioni mnaisikiliza ninyi. Sisi tulio jikoni tunahadithiwa, nanyi mnahadithia vibaya."

Hatukuwa na jibu. Darsa hiyo hurushwa na kituo cha televisheni kisicholipiwa, katika saa ambayo karibu kila mwanamke wa mtaa ana chungu cha futari motoni. Kwa miaka mingi tulilichukulia jambo hilo kama jua la Oktoba: lipo, na hakuna wa kulilalamikia. Yafaa tukiri kwamba lilikuwa rahisi kulichukulia hivyo kwa sababu halikutuunguza sisi.

Madrasani palikuwa na kompyuta kuukuu iliyokuwa ikikusanya vumbi. Baadhi ya wajumbe walipendekeza tununue king'amuzi chenye uwezo wa kurekodi, lakini kile tulichooneshwa dukani kiliambatana na malipo ya kila mwezi, na kamati yetu haina cha kuahidi kila mwezi. Tukaazimia kujitengenezea wenyewe.

Programu tuliyoichagua huitwa MythTV. Ilianzishwa na Isaac Richards mwaka 2002, hutolewa bure, na huendeshwa juu ya mfumo wa Linux. Kazi yake ni kuifanya kompyuta iwe deki: hupokea matangazo, huyarekodi kwa saa iliyopangwa, kisha huyaonesha mtu atakapo. Tulinunua kadi ya kupokea matangazo ya setilaiti, tukaipachika ndani ya kompyuta, tukavuta waya kutoka kwenye dishi. Wengi walidhani mashine chakavu haitaiweza kazi hiyo. Yaliyo kweli ni kwamba matangazo ya dijitali hufika yakiwa yameshabanwa tangu kituoni, na kompyuta hupokea na kuweka tu, kama mtunza ghala. Saa moja ya picha ya kawaida huchukua takriban gigabaiti 2. Darsa ya siku thelathini, basi, huenea katika gigabaiti 60. Chaneli za kulipia, zilizofungwa kwa msimbo, kadi ya namna hiyo peke yake haizifungui, na hatukuzitaka. Tuliwaandikia wenye kituo kuomba idhini ya kuonesha madrasani, wakaridhia kwa sharti kwamba nakala zisiuzwe.

Mji huu, kwa hakika, si mgeni wa kumwekea mtu kitu chake hadi afike. Katika njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, mizigo na barua vililala hapa vikingoja wenyewe, na David Livingstone alikaa Kwihara tangu Februari hadi Agosti 1872 akiwangojea wapagazi kutoka pwani. Tembe alimoishi lingali makumbusho.

Tulipomaliza hayo tulijiona tumefika. Tukamwita bibi, tukamketisha mbele ya kioo, tukampa kibodi. Akaitazama, akairudisha. "Mwanangu, hii ni taipureta. Mimi nataka kile cha kubonyeza."

Hapo ndipo tulipokaa wiki mbili.

Fundi redio mmoja wa sokoni alilitoa jicho la deki iliyokufa, kile kidude cheusi chenye miguu mitatu kinachopokea mwanga wa rimoti, akakiunga kwa risasi pamoja na vikorokoro vichache, akatupatia waya wa kuchomeka nyuma ya kompyuta. Mwanga huo macho hayauoni, ila ukiielekeza rimoti kwenye kamera ya simu na kubonyeza, mara nyingi utaona kitone kikimetameta. Ndivyo tulivyotambua ni zipi kati ya rimoti zetu za zamani zilizokuwa hai. Humetameta takriban mara 38,000 kwa sekunde, na katika kukatika na kuendelea kwake ndimo mnamokaa herufi za kila kitufe. Programu iitwayo LIRC huzijifunza herufi hizo: unabonyeza kitufe, unakipa jina, unahamia kingine. Kisha unaandika faili la pili, linaloeleza kila jina lina amri gani ndani ya MythTV. Faili hili la pili ndilo lililotuchosha, maana nukta moja iliyokosewa huifanya rimoti nzima iwe bubu.

Hata ilipokwisha kusema, alasiri ilikuwa haisikiki. Tulilichunguza faili siku mbili kabla ya kugundua kwamba dirisha la magharibi lilikuwa likimwaga jua juu ya lile jicho. Rimoti ya Flash-Matic, iliyotolewa na kampuni ya Zenith ya Marekani mwaka 1955, ilisumbuliwa na jua vivyo hivyo. Tukashona pazia.

Vitufe tuliacha saba tu: mishale minne, kukubali, kusimamisha na kurudi. Vingine tulivifunika kwa plasta.

Kosa letu kubwa lilikuwa la saa. Darsa ni saa kumi na moja, nasi tukaandika 11:00. Mashine ikatii. Usiku akina mama walipokusanyika baada ya tarawehe, vikombe vya chai mkononi, walioneshwa mtu akieleza namna ya kufuga kuku, kwa kuwa 11:00 ya mashine ni saa tano asubuhi. Walicheka, sisi hatukucheka. Tukarekebisha ikawa 17:00. Siku ya tatu umeme ukakatika, na uliporudi kompyuta iliamini kwamba ni mwaka ambao baadhi yetu hatukuwa tumeoa. Darsa ikapita bila kurekodiwa. Dawa ilikuwa betri ndogo ya volti 3, mviringo kama sarafu, iliyokuwa imekufa ndani ya kompyuta. Fundi saa alikuwa nayo. Anayetaka kutengeneza mashine kama hii na aanze na betri hiyo.

Tangu siku ya saba hatukuguswa tena na kazi hiyo. Rimoti hukaa kwa katibu wa akina mama, ndani ya mkoba wa kitambaa, na sisi tukitaka kuitumia huomba. Bibi aliitazama darsa moja mara mbili, akatueleza palipohadithiwa vibaya, na hakukosea.

Juma lililopita alituita tena. Simu ya mwanawe wa Kigoma humpigia katikati ya darsa, naye hapendi kuizima darsa kabisa ndipo aipokee. Anataka kitufe cha nane, cha kuisubirisha. Plasta ya kitufe hicho tutaibandua Jumamosi.